Sauti ya Bwana au Sauti ya Siti?

Mwaka wa 1971, nikiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, mimi na ndugu zangu wawili tulikuwa na mchezo tulioupenda kuliko hata kandanda. Jioni, tukitoka chuoni, tulishuka mpaka kwenye ngazi za Bandari ya Kale hapa Mombasa, kila mmoja na sahani nyeusi kwapani, tukazirusha baharini moja moja kuona ya nani itaruka mbali zaidi juu ya maji kabla ya kuzama. Mshindi alikuwa yule ambaye sahani yake iliruka mara tatu.

Sahani zenyewe zilikuwa santuri za baba. Gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa imekatika springi miaka mingi nyuma, ikasukumwa uvunguni mwa kitanda, na juu ya meza yake pakawekwa redio. Kwa kuwa santuri zilikuwa haziimbi tena, hakuna mtu mzima aliyeuliza zinakwenda wapi. Tulizimaliza katika likizo moja ya shule. Zilibaki tatu tu, na hizo ziliokoka kwa sababu nyanya alikuwa amezifungia sandukuni mwake pamoja na nguo zake za sikukuu.

Naanza na ungamo hili, msomaji, kwa sababu nitakayoyasema leo yanawagusa wengine, na si haki mtu kuwanyoshea wenzake kidole huku mkono wake mwenyewe ameuficha mfukoni.

Neno ninalotaka kuuliza ni hili: inapoadhimishwa siku ya kuzaliwa kwa kampuni ya santuri, huwa tunaadhimisha nini hasa? Je, ni umri wa jina lililoandikwa mlangoni, au ni sauti zilizopita katika mlango huo? Nauliza kwa sababu mwezi wa Machi 2028 inatimia miaka mia moja kamili tangu mlango mmoja wa namna hiyo ufunguliwe kwa lugha yetu ya Kiswahili, nami nachelea kwamba siku hiyo itapita kama inavyopita siku yoyote ya kazi.

Umri wa kampuni

Hebu tuichukue kampuni ambayo picha yake ilijulikana katika kila nyumba ya mwambao iliyokuwa na gramafoni, hata kama humo ndani hapakuwa na mtu aliyejua Kiingereza. Nayo ni His Master's Voice, au HMV kwa ufupi. Hiyo ilikuwa alama ya kampuni ya Gramophone ya London. Gramafoni yenyewe ilivumbuliwa na Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye aliiandikisha mwaka wa 1887. Miaka kumi baadaye watu wake walikuwa wamekwisha fika London kutafuta soko, na mwaka wa 1898 kampuni ikaundwa. Mwaka wa 1931, biashara ikiwa imedorora dunia nzima, kampuni hiyo iliungana na mshindani wake Columbia, na katika ndoa hiyo ikazaliwa EMI. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo EMI ikafungua studio zake za Abbey Road, ambazo hata mtoto wa shule leo amezisikia kwa sababu ya Beatles.

Jamaa hao wanajua kuhesabu siku zao. Mwaka wa 1997 EMI ilisherehekea kutimiza miaka mia moja, ikihesabu tangu 1897. Mwaka wa 2012 wapenzi wa Beatles waliadhimisha miaka 50 ya santuri yao ya kwanza waliyoirekodia EMI, "Love Me Do", iliyotoka Oktoba 1962. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 2012 EMI yenyewe ilikatwa vipande ikauzwa: rekodi zikachukuliwa na Universal kwa pauni bilioni 1.2, na biashara ya haki za nyimbo ikaenda kwa kundi lililoongozwa na Sony. Mwaka wa 2021 ikawa zamu ya maduka ya HMV kutimiza miaka mia, kwani duka la kwanza lilifunguliwa katika barabara ya Oxford Street mwezi wa Julai 1921, na aliyelifungua alikuwa mtunzi mashuhuri wa muziki, Edward Elgar.

Nawaheshimu kwa hilo. Anayejua siku yake ya kuzaliwa ni mtu aliyelelewa vyema. Lakini katika hesabu zote hizo, mwezi mmoja sijauona ukitajwa, nao ni Machi 1928. Kabla ya kueleza kilichotokea mwezi huo, yafaa kwanza tumzungumze mbwa.

Mbwa na kichochoro chake

Kila santuri ya HMV ilikuwa na picha ya mbwa mweupe mwenye masikio meusi, ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni. Nyanya yangu hakuipenda picha ile hata kidogo. Alikuwa mtu wa ibada, na kwake yeye mbwa hakuwa na kazi ndani ya nyumba ya Mwislamu, awe wa nyama au wa karatasi. Basi kila alipopangusa gramafoni aliifunika picha ile kwa kitambaa, kisha akaketi kusikiliza kwa raha zake.

Mbwa huyo aliishi kweli. Jina lake lilikuwa Nipper, alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka wa 1884 na akafa mwaka wa 1895. Baada ya kufa kwake, mchoraji Francis Barraud alimchora akiwa anaisikiliza mashine ya kuchezea sauti. Katika mchoro wa kwanza mashine hiyo ilikuwa ya namna nyingine, ya mashindano. Kampuni ya Gramophone ikasema itanunua picha ikiwa tu mchoraji ataifuta mashine ile na kuchora gramafoni mahali pake. Barraud akakubali, na mwaka wa 1899 akalipwa pauni 100: 50 za picha na 50 za haki ya kuitumia. Jina la picha likawa jina la santuri: His Master's Voice, yaani Sauti ya Bwana Wake.

Nipper alizikwa Kingston, kando ya mto Thames. Mahali hapo sasa pana benki, na kuna kibao kinachomkumbusha mpita njia kwamba mbwa mashuhuri amelala hapo. Isitoshe, mwaka wa 2010 kichochoro kimoja cha mji huo kilipewa jina lake rasmi: Nipper Alley.

Sina ugomvi na mbwa wa watu. Nakuomba tu, msomaji, ukiweke akilini kichochoro hicho, kwani nitakirudia.

Mtumwa aliyekuja kuitwa Siti

Nimesema kwamba EMI ilihesabu umri wake tangu 1897. Mwaka huo una maana nyingine kwetu. Tarehe 6 Aprili 1897, kwa amri ya Sultani iliyotolewa chini ya shinikizo la Waingereza, sheria iliacha kuutambua utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Kwetu huku katika mwambao wa Kenya ilingojewa mpaka mwaka wa 1907.

Wakati amri hiyo inatolewa, kijijini Fumba, kusini mwa Unguja, alikuwako msichana wa umri wa miaka kumi na saba hivi, binti wa wazazi maskini wenye asili ya bara. Alikuwa akifinyanga vyungu pamoja na mama yake na kuvitembeza kuviuza, na watu wakamjua kwa sauti yake ya kunadi kabla hawajaviona vyungu. Hakupelekwa shule wala chuoni. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Mtumwa binti Saad.

Mwaka wa 1911 alihamia mjini. Huko akafundishwa kuimba kwa ala, akajifunza mashairi kwa kuyasikiliza na kuyashika moyoni, na akaingia katika kundi la wanamuziki waliokuwa wakipiga taarabu. Taarabu ya siku hizo ilikuwa mambo ya ikulu, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili. Punde si punde wakubwa na wadogo wakawa wanamngoja yeye, na watu wakambadilishia jina. Wakamwita Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi, mwanamke wa heshima.

Sasa tazama mambo yanavyokutana. Mwanamke aliyeitwa Mtumwa, kisha akaitwa Siti, ndiye ambaye sauti yake iliuzwa chini ya maandishi yanayosema Sauti ya Bwana Wake. Kama mtu angetunga hadithi ya namna hiyo, wasomaji wangemwambia ameongeza chumvi.

Safari ya Bombay

Kabla ya mwaka wa 1928 maduka ya Unguja na Mombasa yalikuwa yakiuza gramafoni na santuri, lakini santuri zenyewe zilikuwa za Kiarabu kutoka Misri, za Kihindi na za Kizungu. Mswahili alinunua mashine kwa fedha yake kisha akasikiliza lugha za watu. Kampuni ya Gramophone, ambayo ilikuwa ikirekodi nyimbo za Bara Hindi tangu mwaka wa 1902, ikaona faida iliyolala hapo. Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walisafirishwa kwa meli kutoka Unguja hadi Bombay, na huko wakaziimba nyimbo zilizokuja kuwa santuri za kwanza kubwa za Kiswahili.

Kijana wa leo anayerekodi wimbo kwa simu akiwa ameketi kitandani huenda asiielewe kazi ile. Wimbo uliimbwa mbele ya mtambo uliokuwa ukichora mfereji mwembamba juu ya sahani ya nta, na hapakuwa na kufuta na kurudia neno moja. Ukikosea, nta ile imeharibika, anza upya. Kutokana na nta hiyo ikatengenezwa sura ya chuma, na chuma hicho ndicho kilichotumika kupiga chapa santuri za kuuza, zilizofinyangwa kwa lakiri, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa miti ya Bara Hindi. Ndiyo maana zilikuwa nzito, na ndiyo maana zikianguka zilivunjika kama sahani za udongo. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ulibeba kiasi cha dakika tatu na kitu. Watu waliozoea kuimba usiku kucha, wakiurudia ubeti mpaka wasikilizaji watosheke, walilazimika kuukunja wimbo ukaingia katika dakika hizo.

Nao waliweza. Walirudi tena kurekodi, kwani santuri zile zilinunuliwa kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Haukupita muda makampuni mengine, Odeon, Columbia na Pathé, nayo yakaja kutafuta waimbaji wa Afrika Mashariki. Kile ambacho Wazungu walikiona ni soko. Kile ambacho wasikilizaji walikiona ni kikubwa zaidi: kwa mara ya kwanza pembe ile ilikuwa ikisema nao.

Hata mambo ya mahakamani yaliingia katika nyimbo hizo. Mmoja katika nyimbo za Siti zinazojulikana sana ni "Kijiti". Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea, akauawa, kisha muuaji akatoroka na sheria ikawashika wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu. Mtu aliyeonewa na hakimu hakuwa na gazeti la kumtetea wala mbunge wa kumsemea. Wimbo ukasema. Hukumu ya mahakama imekaa katika majalada ambayo hakuna ayasomaye, lakini wimbo upo mpaka leo.

Shukrani na deni

Najua wako watakaoniambia, "Ewe bwana, kampuni hiyo ilifanya biashara yake, nawe leo unaila sauti ya Siti kwa sababu yao. Kama si wao usingelisikia hata pumzi moja." Maneno hayo ni ya kweli na sitayapinga. Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Wengi walioimba vizuri kabla yake, na wengine walioimba zama zake, hatutawasikia kamwe, kwa sababu hakuna aliyewawekea nta mbele. Kampuni ilihifadhi sura nyingi za chuma na santuri katika ghala lake la Hayes, magharibi mwa London, wakati sisi wenye mali tulikuwa tukizirusha baharini. Anayestahili shukrani apewe.

Lakini shukrani haifuti deni. Mwenye kukuhifadhia kitu chako amekutendea wema, na wema huo unatimia siku anapokurudishia. Mwaka wa 2007 kampuni ya Topic ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa tangu miaka ya 1920 hadi 1950, uliotayarishwa na mtaalamu Janet Topp Fargion. Mwaka wa 2010 kampuni ya Honest Jon's, ya London pia, ikatoa mkusanyo mwingine wa rekodi kuukuu za Afrika Mashariki, uliotokana na ghala hilohilo la Hayes. Kazi zote mbili ni nzuri na nawapongeza waliozifanya. Hata hivyo nauliza: mwanafunzi wa Likoni, wa Lamu au wa Makunduchi atazipata wapi? Zilitengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa muziki wa Ulaya, zikauzwa huko, kwa fedha ya huko. Tumerudi palepale pa kabla ya 1928, sauti iko kwenye maduka ya watu.

Na hapa ndipo ninapokirudia kile kichochoro. Siti mwenyewe hakusahauliwa, alhamdulillahi. Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, aliandika wasifu wake. Mwaka wa 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania kilianzisha jarida na kuliita Sauti ya Siti. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alimtaja kuwa mwalimu wake popote alipoimba duniani. Lakini Siti hakwenda Bombay peke yake wala hakuwa akiimba bila ala. Katika kundi lake walikuwamo Subeit bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam, yule kipofu ambaye wazee wa Mombasa walimhesabu kuwa wao. Nimetembea sana katika miji ya mwambao huu kwa muda wa miaka hamsini. Sijapata kuona kichochoro, darasa, wala hata baraza la kahawa lenye jina la Subeit bin Ambar. Mbwa aliyesikiliza ana kichochoro. Mtu aliyepiga hana.

Tufanye nini?

Siandiki ili tuhuzunike pamoja kisha tukunje gazeti tukafungie mandazi. Machi 2028 ni siku iliyo na tarehe, na yenye tarehe hutayarishiwa. Naomba isiwe siku ya fulana, hotuba za wakubwa na wacheza ngoma waliopangwa juani tangu asubuhi. Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja lililo zito kupita kiasi.

La kwanza, nakala za rekodi zote za Kiswahili za miaka hiyo zirudi nyumbani. Sisemi chuma kirudi. Chuma kikae kilipo, hasa kwa kuwa kimetunzwa vizuri. Nasema nakala za sauti, ambazo siku hizi hubebwa katika kidude kidogo kuliko kidole gumba. Ziwekwe Unguja, ziwekwe Mombasa, na ziwekwe katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa jijini Nairobi, na mtu yeyote aruhusiwe kuzisikiliza bila barua ya utambulisho. Kwa sheria yetu ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka wa 2001, ulinzi wa rekodi ya sauti ni miaka 50 tangu iliporekodiwa. Santuri ya 1928 imeukwisha muda huo zamani. Kwa hiyo kinachotuzuia hapa kwetu si sheria. Ni uvivu wa kuandika barua moja na kuifuata mpaka ijibiwe.

La pili, yaandikwe majina. Kila wimbo uwekwe na jina la mtunzi wake panapojulikana, na jina la kila aliyepiga. Santuri ilikuwa na nafasi ndogo katikati, upana wa kiganja, na humo ilibidi aingie mbwa, jina la kampuni, namba na jina la mwimbaji. Wapigaji wakakosa pa kukaa. Sisi hatuna udhuru huo, karatasi tunazo.

La tatu, na hili ni letu sote, tufungue masanduku. Santuri nyingi za zamani hazimo Hayes wala popote pengine. Zimo uvunguni mwa vitanda vya Malindi, Faza, Tanga na Wete, zinaliwa na vumbi. Walimu wa Kiswahili wawatume wanafunzi wakaulize kwa nyanya zao. Katika kila darasa wakipatikana wawili wenye santuri moja moja, tutakuwa tumefanya kazi ambayo kampuni yenye mabilioni haikuifanya.

Yuko msomaji wa Kakamega au Nyeri atakayesema kwamba mambo haya ni ya Waunguja, sisi yanatuhusu nini. Ndugu yangu, mlango ule ulipofunguliwa haukuwafungukia Waunguja peke yao. Kampuni ziliposadiki kwamba Mwafrika wa upande huu atanunua santuri ya lugha yake, ndipo zilipoanza kutafuta pia waimbaji wa lugha nyingine na wa miji mingine. Kila mpiga gita wa Nairobi aliyeingia studio miaka ya 1950 na 1960, na kila kijana anayerekodi leo, anapita katika njia iliyokanyagwa kwanza na mfinyanzi wa Fumba na wenzake.

Wako pia watakaosema watu wana njaa, wewe waleta habari za santuri. Nawajibu kwamba Siti naye alikuwa na njaa. Alikuwa akitembea kutoka Fumba na vyungu kichwani. Hakungoja ashibe ndipo aimbe.

Sanduku la nyanya

Nyanya alipofariki tulifungua sanduku lake tukazikuta zile santuri tatu. Moja ina ufa kutoka ukingoni mpaka katikati. Zote zina kijisehemu cha karatasi nyeupe kilichogandishwa juu ya mbwa, kwa gundi ya unga wa ngano, kwa ustadi mkubwa, pasipo kuyagusa maandishi yanayomtaja mwimbaji. Nilicheka siku ile. Siku hizi sicheki, kwani nimeanza kuona kwamba yule bibi, ambaye hakujua kusoma herufi za Kizungu, alikuwa amekwisha lijibu swali ninalolihangaikia mimi leo. Alimfunika mwenye alama, akamwacha wazi mwenye sauti.

Miaka miwili iliyopita nilimpelekea fundi mmoja zile mbili nzima, akazicheza na kuninakilia. Kuna mikwaruzo mingi, kama mvua inayonyesha juu ya bati. Kisha ndani ya mvua hiyo anatokea mwanamke anaimba Kiswahili ambacho mjukuu wangu wa miaka minane alikielewa bila kutafsiriwa. Akaniuliza, "Babu, huyu ni nani?" Nikamwambia. Akauliza tena, "Na hao wanaompigia?"

Nilimtajia majina ninayoyajua. Ni manne tu. Ningependa Machi 2028 itakapofika niwe na majina zaidi ya kumpa, na asiwe mtoto peke yake katika mtaa wake anayeyajua.